Kabureta ya Nyumba ya Boke

Fundi Konstantino aliishika kabureta kwa vidole viwili, akaitikisa karibu na sikio, akapuliza kitundu kimoja, akapuliza kingine, kisha akaiweka juu ya gunia na kuanza kufuta mikono. Boke alikuwa amesimama kando na kikombe cha uji wa fundi, akiomba kimoyomoyo lile neno lisisemwe. Fundi akalisema.

"Hii haitengenezeki, Mama Mniko. Mwili wenyewe umeliwa. Angalia kijiti hiki kinachoshika kipepeo, hiki kibati cha kufungulia hewa, kinacheza kama jino la mtoto. Inavuta hewa pembeni, petroli inakuja vibaya, gari haliwezi kuwaka. Nikiiosha nitakuwa nimekula hela yenu bure."

"Kwa hiyo?" akauliza Nchagwa, mume wa Boke.

"Kwa hiyo mtafute nyingine. Hapa Gorong'a hamuipati. Nendeni Sirari."

Hilo "mtafute nyingine" lilimgusa Boke mfukoni. Hela iliyokuwepo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yake, ya kuku na mahindi na vibarua vya kupalilia, aliyoiweka kidogo kidogo kwa ajili ya mabati. Maana gari hilo lililofunguliwa kinywa na fundi ndilo lilikuwa nyumba yake. Hiace ya petroli, kuukuu kuliko ndoa yake, paa limeinuliwa juu, kitanda nyuma, kabati, sinki lisilo na maji, na madirisha yenye pazia. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka nalo Afrika lilipowachosha huko Nyangoto, kwenye machimbo, walimwachia Nchagwa, mlinzi wao, badala ya ujira. Nchagwa alipokata tamaa na dhahabu akalileta uani kwa baba yake. Likaingia likikohoa, likazima kando ya zizi, halikuwaka tena. Akasema watakaa humo kwa muda, mpaka ajenge. Wanaume na "kwa muda" wao! Watoto wawili walishazaliwa humo.

Mokami, mke wa shemeji yake mkubwa, mwenye nyumba ya matofali na mlango wa chuma, hakuwa akimwita Boke kwa jina. "Mama Konokono," angesema, "mvua hiyo, ingiza pembe!" Wanawake wangecheka, na Boke angecheka nao, maana angefanya nini? Lakini kilichomuuma zaidi si Mokami. Kilichomuuma ni mzee Heche, baba mkwe wake, ambaye hata siku moja hakupita mbele ya gari lile. Akienda chooni alizunguka nyuma ya zizi, na mgongo wake ule mbovu, fimbo mkononi, njia ndefu kupita kiasi, akikanyaga mavi ya ng'ombe. Boke aliamini anajua sababu. Mzee alikuwa anaona haya kwamba mwanawe amemuweka mke ndani ya kopo.

Ila safari hii hata Mokami hakucheka. Simu ilikuwa imekuja kutoka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Waisiko, dada yake mkubwa mzee Heche, ameanguka, nyonga imevunjika, na hospitali wamesema kwa umri ule arudi akapumzike nyumbani. Kila kukicha anamuulizia mdogo wake. Mzee Heche alipoambiwa, alisukuma sahani ya ugali pembeni na hakuirudia.

"Ng'ombe waliotolewa kwa Waisiko," aliwaambia wanawe, "ndio niliowapeleka kumuoa mama yenu. Aliondoka hapa hajakomaa vizuri, analia, ili mimi niwe na boma. Nyinyi nyote mmetoka kwenye kwato za ng'ombe wale. Nataka nimuone. Sitaki kingine."

Kumpeleka ndiyo ilikuwa kazi. Nyumbani aliweza kukaa kigodani, lakini kiti cha gari kwenye barabara ya mawe kilimuua miguu. Mwaka uliopita walimkodia teksi ya kwenda Tarime mjini. Kabla hawajafika nusu ya njia ilibidi wamlaze kando ya barabara mbele za watu, mzee mzima, kofia imeanguka. Lazima alale. Na katika ukoo wote, gari lenye kitanda lilikuwa moja tu.

Boke alimwangalia mumewe, akaiangalia ile kabureta juu ya gunia. Aliyatamani mabati yale mpaka mvua ikinyesha alikuwa akisikia mlio wake kabla hajawa nayo. "Hela ipo," akasema. "Twende Sirari."

* * *

Fundi hakwenda nao, kwa sababu siku ya fundi nayo inalipiwa. Aliwakatia kipande cha boksi, akakiweka juu ya injini pale kabureta inapokaa, akapigapiga kwa nyundo ndogo mpaka matundu manne ya boliti yakatokea. "Msinunue isiyokaa hapa," akasema. "Na mshike kijiti, mkitikise. Kikicheza, wekeni chini hata kama inang'aa kama dhahabu."

Huko Sirari, mwenye duka la vipuri alikuwa Frida, mama mnene mchangamfu aliyeongea nusu Kitanzania nusu Kikenya, kama mpaka wenyewe. Aliweka kabureta tatu mezani. Ya kwanza mpya ya Kichina, ndani ya boksi lake, inameremeta. Ya pili kubwa kuliko zote, nayo mpya, ya injini yenye nguvu zaidi. Ya tatu ilikuwa mtumba wa Japani, nyeusi kwa mafuta, haina hata mfuko, na bei yake ilipita ile ya Kichina.

Nchagwa alishaikumbatia ile kubwa. "Hii hapa. Na milima ile ya kwetu, gari linataka nguvu."

"Hiyo ni poa sana, baba," Frida akasema. "Utapaa."

Boke alitoa kile kipande cha boksi kwenye kanga, akakiweka chini ya ile kubwa. Matundu mawili yakaingia, mawili yakagoma.

"Hayo unatoboa tu mengine," Nchagwa akasema.

"Utatoboa injini ya nani?"

Frida akacheka kwa sauti. "Haki mama, kumbe wewe ndiye fundi?"

Watu waliokuwa mlangoni nao wakacheka. Nchagwa akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na Boke akamuonea huruma, lakini huruma haiwashi gari. Akachukua ile ya Kichina. Matundu yote manne yakakaa. Moyo ukamruka, maana kwa bei ile angebakiwa na hela ya mabati kadhaa. Akashika kijiti, akakitikisa jinsi anavyotikisa mpini wa jembe sokoni kabla hajalipa. Kikacheza. Kidogo tu, lakini kikacheza. Akakitikisa tena, akitamani asione alichokiona.

"Hiyo ni mpya, mama, italegea vipi?" Frida akasema.

"Sijui italegea vipi. Imelegea."

Akaishika ya tatu, ile chafu. Matundu yalikaa. Kijiti kilikuwa kimetulia kimya, kipepeo kinafunguka na kufunga bila kukwama. Boke akaiweka kifuani, mafuta yakamchafua blauzi ya kanisani.

"Hiyo ya zamani?" Nchagwa akanong'ona. "Hela yote hiyo kwa kitu kilichokwisha tumika?"

"Baba Mniko, tukizimika katikati ya pori na tata, baba yako, amelala nyuma, utamwambia tulinunua inayong'aa?"

Frida alipokuwa akiifunga kwenye gazeti aliuliza, kwa wema tu, "Gari lenyewe la biashara? La abiria?"

Boke alifungua fundo la kanga. "La mgonjwa," akasema. Hakuweza kusema ni nyumba yake. Hela ilitoka yote isipokuwa ya petroli, na njiani kurudi kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani.

* * *

Lilipowaka, boma zima lilitoka. Lilikohoa mara ya kwanza, likatema moshi mweusi, fundi akazungusha skrubu moja kwa kidole na bisibisi, na mlio ukanyooka, ukatulia, laini kama paka aliyeshiba. Kuku walikimbia. Mokami mwenyewe alipiga kigelegele. "Konokono kaamka jamani!" Boke alicheka mpaka machozi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alijisikia mwenye mali.

Asubuhi iliyofuata alifua mashuka, akatandika kitanda upya, akafunga vyombo visigongane. Mzee Heche alikuja amevaa koti lake la misibani na harusini, blanketi begani, Nchagwa kamshika mkono. Alikuwa ameambiwa gari la safari limepatikana. Ilipofika zamu ya kukaribia mlango wa pembeni, miguu yake ikasimama.

"Shikamoo tata," Boke alisema kutoka mbali, macho chini, inavyotakiwa.

"Marahaba, mama." Kisha akamgeukia mwanawe. "Gari liko wapi?"

"Ndilo hili, tata."

"Hii ni nyumba ya Boke."

"Ni gari, tata. Si umelisikia likinguruma jana?"

"Nimelisikia. Nilidhani unaliuza." Mzee alitazama pazia, akatazama haraka pembeni. "Nakuuliza, mura, wewe kijana. Boke analala wapi?"

Nchagwa akachungulia ndani, kitandani.

"Kitanda hicho ni cha nani?"

Nchagwa akajikaza. "Basi kaa mbele na mimi, tata. Tutalaza kiti, tutaweka magodoro."

"Kati ya mbele na nyuma kuna ukuta?"

"Hakuna."

"Basi mbele ni sebule ya mkamwana wangu na nyuma ni chumba chake. Mimi baba mkwe nimeona wapi nikaingia kulala kitanda cha mkamwana? Nimekuwa mbwa?"

Loo! Hapo ndipo kila mtu aliangalia ardhi. Hakuna asiyeijua miiko hiyo; mtoto wa Kikurya anainyonya kwenye ziwa. Mkwe haingii nyumbani kwa mkamwana, basi. Nchagwa na Boke walihangaika na kabureta, na petroli, na mashuka, wakasahau jambo ambalo hata kichaa wa sokoni angewakumbusha. Miaka ya Nyangoto, ambako watu wa kila kabila hulala popote, iliwafuta akili. Au labda ni vile walivyozoea kuambiwa kwamba lile si nyumba.

Mokami akajaribu kusaidia. "Lakini mzee, hilo si nyumba hasa. Ni bati tu la wazungu, tunaliita nyumba kwa utani."

"Wewe ndiye unayetania," mzee alisema, na sauti yake ikatetemeka. "Wajukuu wangu wamezaliwa humo. Makondo yao yamezikwa hapo chini, karibu na tairi. Mwanamke amewasha moto hapa, amepika, nimekula. Kama si nyumba, mimi ninazunguka zizi lote lile kila siku na mgongo huu kwa ajili ya nini? Nazunguka kopo?"

Boke aligeuka akalitazama zizi. Miaka yote ile! Alikuwa amelala akilia kwa sababu ya mzunguko ule, akiamini ni dharau. Kumbe katika boma zima, pamoja na mumewe aliyesema "kwa muda", mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiukwepa mlango wake kwa heshima. Na mtu huyo sasa ndiye aliyekuwa akikosa kumuona dada yake kwa sababu ya heshima hiyo hiyo.

"Nitatoa vitu," akasema, sauti ikiwa juu kuliko ilivyofaa mbele ya mkwe. "Nitatoa kitanda, vyungu, nguo, kila kitu. Tulioshe. Libaki gari."

"Usithubutu," mzee akasema. Hakumtazama, alikuwa akiongea na fimbo yake. "Mwanamke akitoa vyungu vyake nje ameachika. Sitamfuata Waisiko kwa kuvunja nyumba ya mwanangu. Ng'ombe wake walijenga. Hawakubomoa."

Akageuka kwenda kwake, anazunguka zizi. Koti lilikuwa limemzidi mabega. Alivyotamani kwenda kulionekana hata kwa nyuma, kwenye kisogo.

Nchagwa akazima injini. Fundi alijikuna. Boke alibaki akiutazama mgongo ule unaojikokota, na swali likamtoka lenyewe.

"Tata! Shangazi je? Yeye ana mwiko wa kuingia kwangu?"

Mzee alisimama. Mgongo ulikuwa bado umewageukia. "Waisiko?" akasema. "Waisiko ni mwanamke. Ni mkweo wa kike. Aingie, alale, hata akupikie." Na mabega yakaanza kutikisika, na wakajua kwamba anacheka.

* * *

Walivuka daraja la Mto Mara kwenda kumchukua Waisiko, jua likiwa kali, injini haijakohoa hata mara moja. Nchagwa aliendesha akiwa mnyenyekevu, akipita kila shimo polepole. Nyumbani kwa Waisiko walimkuta chumbani juu ya godoro, kibibi kidogo chenye macho makali. Wanaume wanne walimbeba kwa blanketi mpaka garini, na alipopandishwa alipiga ukelele uliowafanya wanawe wafunike nyuso. Boke alidhani amekufa. Lakini alipolazwa kitandani, akafutwa jasho, alifungua macho na kuangaza kabati, sinki na pazia.

"Nyumba yako ina dirisha kubwa," akasema.

"Ni gari, shangazi," Boke akajibu, kwa mazoea tu.

"Mimi nimeingia nyumbani kwa mtu. Usinifukuze."

Njiani Boke alikaa sakafuni ameshikilia nyonga ile kwa mito isitikisike. Kila shimo mkono wa bibi ulimkamata begani kwa nguvu. Katikati ya maumivu alikuwa akiuliza: Heche bado ana meno? Bado anapenda maziwa yaliyoganda? Bado anakasirika upesi?

"Siku walipokuja kunichukua," alisema, "alining'ang'ania hapa shingoni. Alikuwa mvulana, anaona haya kulia, lakini alilia. Baba alimvuta kwa nguvu. Nilikwenda nikisikia mkono wake hapa." Akagusa shingo. "Nimezaa watoto, nimezika mume, nimezeeka. Bado nausikia. Nilikuwa namwonea wivu, unajua? Yeye alibaki nyumbani. Nikamchukia kidogo. Halafu nikamtamani tu."

Boke alilia waziwazi, wala hakujificha.

Waliingia bomani alasiri. Watu walikuwa wamejaa, na mzee Heche amekaa kigodani mbele ya nyumba yake. Wanaume walikuja na blanketi kumshusha mgonjwa, lakini walipomgusa tu alipiga yowe. "Msinishushe! Mkinishusha hapa mtanizika hapa. Acheni nibaki, mnirudishe hivi hivi."

Basi ikawa hivyo. Mmoja hawezi kushuka, na mwingine hawezi kupanda. Mita chache kati yao, na bati la mzungu.

Nchagwa alileta kigoda chini ya dirisha, lakini mzee alikataa kukaa, asingeona kitu. Alisimama, fimbo mkono mmoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika ukuta ule. Ndani, Boke alimwinua Waisiko kwa mito, akavuta pazia, akasukuma kioo mpaka mwisho.

Walitazamana.

"Umezeeka, Waisiko," mzee akasema.

"Na wewe je, umetahiriwa jana?"

Watu wakacheka, na wao wawili wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote kwa pamoja. Mzee akaegemea fimbo.

"Nilikula ng'ombe wako," akasema hatimaye. "Sikuwahi kuja kukuambia ahsante. Kila mwaka nilisema mwakani."

"Hawa wote ni nini?" Waisiko alisema, macho yake yakizunguka watoto na wajukuu waliojazana uani. "Si ndio hao ng'ombe wangu? Nimewaona, wamenenepa." Akapumua kwa shida. "Nipe mkono, Heche."

Mzee akauangalia mkono wake. Akaliangalia dirisha. Nyuma ya dirisha kulikuwa na kitanda cha mkamwana, shuka la mkamwana, na mkamwana mwenyewe amepiga magoti. Aliunyanyua mkono, ukafika usawa wa kioo, ukakaa hapo hewani. Wazee wenzake walikuwa wanatazama. Mokami alikuwa anatazama. Dada yake alikuwa amenyoosha vidole vyake vikavu, na havikufika.

Boke akainuka. Alitoka nje kwa mlango wa upande wa pili, akajifunga kanga vizuri, akazungumza kwa sauti kubwa kama mwenye nyumba aliyepata wageni wengi.

"Wageni watakula nini hapa? Wewe Mokami, njoo unisaidie kuni. Baba Mniko, mnaangalia nini, chinjeni kuku. Nyote, njooni huku, jikoni hakuna hata maji!"

Wakamtazama. Halafu mmoja baada ya mwingine wakaelewa. Mokami ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka. Aliinama akaokota shoka bila neno la utani. Wazee nao wakaanza kukohoa na kuulizana habari za mvua, wamelipa gari kisogo. Boke alikwenda mpaka kwenye rundo la kuni, akaanza kuchagua moja moja, na nyuma yake akasikia fimbo ya mzee ikianguka chini.

"Mkono wako una baridi, mura," ilisema sauti ya Waisiko.

Boke alitamani kugeuka awaone, alitamani mpaka shingo ikamuuma. Hakugeuka.